Kulinda miunganisho ya broka ya ActiveMQ iliyopachikwa ndani ya programu ya Java

Broka ya ujumbe (sehemu inayopokea ujumbe na kuugawa kwa programu nyingine) ikiendeshwa ndani ya programu yako, yaani `BrokerService` inaanzishwa na msimbo wenyewe badala ya kusimama pembeni kama huduma, hakuna faili la mipangilio la `activemq.xml` la kuhariri. Kila kitu kinapangwa kwa Java: poti, vyeti, nani aingie na nani azuiwe. Mwongozo huu unahusu Apache ActiveMQ Classic, matoleo ya 5.x na 6.x. Artemis, broka nyingine isiyo Classic, ina klasi zake tofauti kabisa, kwa hiyo usiichanganye hapa. Kanuni inayofuatwa mwanzo hadi mwisho ni moja: mipangilio ya TLS (usimbaji fiche wa miunganisho) inawekwa kwenye broka, haiwekwi kwenye JVM nzima, yaani mashine pepe ya Java inayoendesha programu yote.

Kanuni hiyo inahitaji maelezo, maana njia ya mkato ndiyo inayopendwa. Mifano mingi huanza na `-Djavax.net.ssl.keyStore` na `-Djavax.net.ssl.trustStore`. Kwa broka inayojitegemea, haina neno. Lakini broka iliyopachikwa inaishi nyumba moja na kazi nyingine: programu hiyo hiyo huenda inaita API ya malipo ya simu, inatuma barua pepe, inazungumza na hifadhidata. Ukishaweka `javax.net.ssl.trustStore` ya kwako, orodha ya mamlaka zinazoaminika inayokuja na Java, `cacerts`, haisomwi tena. Kila mwito wa HTTPS kwenda nje unaanguka kwa `PKIX path building failed` (cheti cha upande wa pili hakiaminiki), na watu wanaanza kupekua msimbo wa malipo kumbe aliyeharibu ni broka.

Unachohitaji

Maktaba ni `activemq-broker`, `activemq-client`, na `activemq-kahadb-store` ikiwa ujumbe unatakiwa kubaki diski programu ikizimwa. Tawi la 5.18 linatumia `javax.jms` na Java 11 kwenda juu. Tawi la 6 linatumia `jakarta.jms` na Java 17 kwenda juu. Chukua toleo la karibuni la tawi lako. Usishuke chini ya 5.15.16, 5.16.7, 5.17.6 au 5.18.3, kwa sababu matoleo ya kabla ya hayo yana tundu la CVE-2023-46604 linalomruhusu mtu aliyefika kwenye poti ya OpenWire (itifaki ya ActiveMQ yenyewe) kuendesha amri zake kwenye mashine yako. TLS peke yake haizibi tundu hilo. Kudai cheti cha mteja kunapunguza hatari, kwa kuwa asiye na cheti hafiki hatua ya kusomwa ujumbe wake, lakini dawa ni kupandisha toleo.

Hatua ya 1: tengeneza vyeti

Cheti cha kujisainia kinatosha ukiwa na broka moja na mteja mmoja. Wakifika watatu, tengeneza mamlaka ndogo ya ndani ya kusaini vyeti (CA), la sivyo kila cheti kipya kitakulazimu kuzunguka mashine zote kuongeza imani. `keytool` iliyo ndani ya JDK inaweza kazi yote:

```
keytool -genkeypair -alias ca -keyalg RSA -keysize 3072 -validity 3650 \
  -dname "CN=Mamlaka ya Ndani" -ext bc:c \
  -storetype PKCS12 -keystore ca.p12
keytool -exportcert -alias ca -rfc -keystore ca.p12 -file ca.pem

keytool -genkeypair -alias broka -keyalg RSA -keysize 2048 \
  -dname "CN=broka.ndani.example" \
  -storetype PKCS12 -keystore broka.p12
keytool -certreq -alias broka -keystore broka.p12 -file broka.csr
keytool -gencert -alias ca -keystore ca.p12 -rfc -validity 365 \
  -ext "SAN=dns:broka.ndani.example,ip:10.0.0.5" \
  -ext "EKU=serverAuth" \
  -infile broka.csr -outfile broka.pem

keytool -importcert -alias ca -file ca.pem -keystore broka.p12 -noprompt
keytool -importcert -alias broka -file broka.pem -keystore broka.p12
```

Mambo matatu hapa huwakwamisha watu. La kwanza ni SAN, orodha ya majina na anwani ambazo cheti kinazitambulisha. Iandike kwenye `-gencert`, kwa sababu majina uliyoyaomba kwenye CSR (ombi la kusainiwa cheti) hayahami yenyewe kwenda kwenye cheti kilichosainiwa. Wateja wakitumia anwani ya IP, lazima iandikwe kama `ip:`; ukiiandika kama `dns:10.0.0.5`, Java haitaikubali. La pili ni mpangilio wa amri mbili za mwisho: cheti cha mamlaka kinaingia kwanza, ndipo cha broka. Ukigeuza, utapata `Failed to establish chain from reply`. La tatu ni alias, jina la kila kilichomo ndani ya ghala la `.p12`. Cheti kilichosainiwa kinarudi kwenye alias ile ile ya ufunguo wake, `broka`. Ukikipa alias mpya kitakaa kama cheti cha kuaminiwa tu, na ufunguo utabaki na kile cha zamani cha kujisainia.

Ikiwa broka hii itaunganika na broka nyingine kwa `NetworkConnector`, kumbuka kwamba katika muunganisho huo yenyewe ndiyo mteja. Kwenye EKU, yaani matumizi yanayoruhusiwa ya cheti, andika `EKU=serverAuth,clientAuth`, vinginevyo broka ya upande wa pili itakikataa cheti chake.

Cheti cha mteja kinatengenezwa kwa utaratibu ule ule, alias `kaunta1` (wateja wa mfano wetu ni kompyuta za kaunta za duka), faili `kaunta1.p12`, `EKU=clientAuth`, bila SAN. Kisha tengeneza ghala la imani (truststore) lenye cheti cha mamlaka peke yake, ambalo litatumiwa na pande zote mbili:

```
keytool -importcert -alias ca -file ca.pem -noprompt \
  -storetype PKCS12 -keystore imani.p12
```

Ghala hili litengeneze kwa `keytool`, si kwa amri ya kawaida ya `openssl pkcs12 -export -nokeys`. Faili la openssl linafunguka vizuri na nenosiri linakubalika, lakini vyeti vyake havina alama ambayo Java huitafuta ili kuvihesabu kuwa vya kuaminiwa. Java inaona ghala tupu, na kosa linalotoka halidokezi chanzo chochote: `the trustAnchors parameter must be non-empty`.

Nenosiri la ufunguo na la ghala katika PKCS12 ni moja. `-keypass` tofauti hupuuzwa. Faili `ca.p12` lisikae kwenye seva ya broka wala kwenye hazina ya msimbo. Liweke mahali pasipo na mtandao, kwa sababu mwenye faili hilo anaweza kujitengenezea cheti cha mteja yeyote.

Hatua ya 2: soma maghala na ujenge `SslContext`

```java
static KeyStore soma(Path faili, char[] siri) throws Exception {
    KeyStore ghala = KeyStore.getInstance("PKCS12");
    try (InputStream in = Files.newInputStream(faili)) {
        ghala.load(in, siri);
    }
    return ghala;
}

char[] siriUfunguo = System.getenv("BROKA_SIRI").toCharArray();
char[] siriImani   = System.getenv("IMANI_SIRI").toCharArray();

KeyManagerFactory kmf = KeyManagerFactory.getInstance(
        KeyManagerFactory.getDefaultAlgorithm());
kmf.init(soma(Path.of("/etc/broka/broka.p12"), siriUfunguo), siriUfunguo);

TrustManagerFactory tmf = TrustManagerFactory.getInstance(
        TrustManagerFactory.getDefaultAlgorithm());
tmf.init(soma(Path.of("/etc/broka/imani.p12"), siriImani));

SslContext tls = new SslContext(
        kmf.getKeyManagers(), tmf.getTrustManagers(), new SecureRandom());
```

`SslContext` hii ni `org.apache.activemq.broker.SslContext`, si `javax.net.ssl.SSLContext`. Majina yanafanana kiasi kwamba IDE hukuchagulia lisilo lenyewe, kwa hiyo angalia mstari wa `import`.

Usiyaweke maghala ndani ya JAR. Ufunguo ukiwa ndani ya JAR unasafiri na kila nakala ya programu, na kubadilisha cheti kunakuwa kazi ya kutoa toleo jipya. Yaache kwenye saraka inayosomwa na mtumiaji wa programu peke yake (`chmod 700` kwa saraka, `chmod 600` kwa faili zenyewe).

Hatua ya 3: funga muktadha (`SslContext`) kwenye broka, kwa mpangilio sahihi

```java
BrokerService broka = new BrokerService();
broka.setBrokerName("mauzo");
broka.setUseJmx(false);
broka.setDataDirectory("/var/lib/broka");
broka.setSslContext(tls);
broka.addConnector("ssl://0.0.0.0:61617"
        + "?needClientAuth=true"
        + "&transport.enabledProtocols=TLSv1.2,TLSv1.3"
        + "&maximumConnections=200");
broka.start();
broka.waitUntilStarted();
```

`setSslContext` lazima itangulie `addConnector`. Wengi hudhani broka hukusanya mipangilio yote kisha kuitumia kwenye `start()`. Sivyo. `addConnector(String)` inafungua poti palepale, na muktadha wa TLS unaochukuliwa ni ule uliopo dakika hiyo. Ukiuweka baadaye hakuna kosa litakaloonekana: programu inawaka, poti inasikiliza, ila imeshika muktadha wa kawaida wa JVM usio na ufunguo wowote. Mteja wa kwanza akija, seva inaandika `No available authentication scheme` (TLS 1.3) au `no cipher suites in common` (TLS 1.2), na mtu anaanza kubadilisha orodha ya algoriti ambazo hazina kosa. Kwa sababu hiyo hiyo, poti ikiwa imeshikwa na programu nyingine, `BindException` hutoka kwenye `addConnector`, kwa hiyo `try` yako ianze hapo.

Kuna pia klasi ya `SslBrokerService` yenye `addSslConnector(anwani, km, tm, random)`. Inafanya kazi, na inafaa ukitaka poti mbili zenye vyeti tofauti. Kasoro yake ni kwamba inavitambua vyeti ulivyoipa pale tu anwani inapoanza na `ssl://`. Ukiandika `nio+ssl://` au `mqtt+ssl://`, inavipuuza kimyakimya na kurudi kwenye muktadha wa broka. `setSslContext` inafanya kazi kwa aina zote, na ndiyo chaguo bora isipokuwa una sababu maalumu.

`ssl://` inatumia uzi mmoja kwa kila muunganisho. Kwa kaunta ishirini za duka inatosha kabisa. Kwa vifaa mamia tumia `nio+ssl://`.

Kuhusu matoleo ya itifaki: TLS 1.0 na 1.1 zilizimwa ndani ya Java yenyewe tangu Aprili 2021, katika 8u291 na 11.0.11. `enabledProtocols` hapo juu inabaki ya maana kwa sababu inaandika nia yako ndani ya msimbo, na haitegemei mtu asiye wewe kuhariri faili la `java.security` la mashine. Orodha ya algoriti iache ya Java ilivyo. Inayonakiliwa kutoka kwenye makala za zamani mara nyingi huwa imezeeka kuliko ile ya Java.

Hatua ya 4: programu mwenyeji ipite `vm://`

Programu iliyobeba broka haina haja ya kuzunguka kwenye TLS ili kujizungumzia. Itumie `vm://mauzo?create=false`, muunganisho wa ndani ya JVM usiopita mtandaoni. Hiyo `create=false` usiiache. Bila hiyo, jina likikosewa herufi moja au mteja akiwahi kabla broka haijawaka, ActiveMQ inakuanzishia broka ya pili ndani ya JVM ile ile. Ujumbe unaingia humo na hautoki, huku logi zikionyesha kila kitu ni salama.

Hakikisha pia hakuna `addConnector("tcp://0.0.0.0:61616")` iliyosahaulika tangu siku za majaribio. Poti ya TLS haina faida ikiwa ya wazi iko jirani yake.

Hatua ya 5: mteja

```java
ActiveMQSslConnectionFactory kiwanda =
    new ActiveMQSslConnectionFactory("ssl://broka.ndani.example:61617");
kiwanda.setTrustStoreType("PKCS12");
kiwanda.setTrustStore("/etc/duka/imani.p12");
kiwanda.setTrustStorePassword(System.getenv("IMANI_SIRI"));
kiwanda.setKeyStoreType("PKCS12");
kiwanda.setKeyStore("/etc/duka/kaunta1.p12");
kiwanda.setKeyStorePassword(System.getenv("KAUNTA_SIRI"));
```

Ni `ActiveMQSslConnectionFactory`, siyo `ActiveMQConnectionFactory`. Hiyo ya pili inakubali anwani ya `ssl://` bila kulalamika, lakini inachukua vyeti vya JVM, na tunarudi kule tulikokukimbia.

Tangu toleo la 5.15.6 mteja hulinganisha jina aliloliita na majina yaliyo kwenye cheti cha broka. Majina yasipolingana utaona `No subject alternative names matching IP address ... found` au `No name matching ... found`. Mtandaoni utaambiwa uongeze `socket.verifyHostName=false`. Kosa linaondoka, ndiyo, lakini hapo mteja anakubali cheti chochote cha seva kilichosainiwa na mamlaka yako, hata cha seva nyingine iliyojifanya broka. Rekebisha SAN, utoe cheti kipya. Ni amri mbili tu.

Anza majaribio na `ssl://` tupu. `failover:(...)` iongeze baada ya muunganisho kukubali, kwa kuwa failover hujaribu tena na tena bila kikomo na kulificha kosa la TLS nyuma ya programu iliyoganda. Ukishaiweka, weka na `?startupMaxReconnectAttempts=5` baada ya mabano, ili mteja mwenye cheti kibovu aanguke na kosa linalosomeka.

Hatua ya 6: cheti hakitoshi, weka na ruhusa

Kwa `needClientAuth=true` broka inajua kwamba mteja ana cheti cha mamlaka yako, basi. Haijui afanye nini na asifanye nini. Zaidi ya hapo, Java haikagui orodha ya vyeti vilivyofutwa mpaka uiagize, kwa hiyo kompyuta ya kaunta ikiibiwa, cheti chake kinaendelea kukubalika hadi kiishe muda. Ongeza majina ya watumiaji na mipaka ya foleni:

```java
SimpleAuthenticationPlugin watumiaji = new SimpleAuthenticationPlugin(List.of(
    new AuthenticationUser("ndani", System.getenv("SIRI_NDANI"), "wenyeji"),
    new AuthenticationUser("kaunta1", System.getenv("SIRI_KAUNTA1"), "kaunta")));

AuthorizationEntry mauzo = new AuthorizationEntry();
mauzo.setQueue("mauzo.>");
mauzo.setRead("wenyeji");
mauzo.setWrite("kaunta,wenyeji");
mauzo.setAdmin("kaunta,wenyeji");

AuthorizationEntry taarifa = new AuthorizationEntry();
taarifa.setTopic("ActiveMQ.Advisory.>");
taarifa.setRead("kaunta,wenyeji");
taarifa.setWrite("kaunta,wenyeji");
taarifa.setAdmin("kaunta,wenyeji");

broka.setPlugins(new BrokerPlugin[] { watumiaji,
    new AuthorizationPlugin(new DefaultAuthorizationMap(List.of(mauzo, taarifa))) });
```

Hii iwekwe kabla ya `start()`. Ruhusa ya `admin` ndiyo inayomwezesha mteja kuunda foleni ambayo bado haipo. Bila hiyo, ujumbe wa kwanza kabisa unakataliwa. Kile kipengele cha `ActiveMQ.Advisory.>` usikifute kwa kudhani ni mapambo: mteja wa ActiveMQ hujiandikisha kwenye mada hizo mara tu anapounganika, na akinyimwa, muunganisho mzima unaanguka kwa `not authorized to read from: topic://ActiveMQ.Advisory...`. Muunganisho wa `vm://` nao unapita kwenye ukaguzi huu, kwa hiyo programu mwenyeji itumie jina la `ndani` na nenosiri lake.

Ukitaka mtumiaji atambuliwe kwa jina lililo kwenye cheti chake, kuna `JaasDualAuthenticationPlugin`: ina `setSslConfiguration` kwa wanaokuja kwa TLS na `setConfiguration` kwa waliobaki, akiwemo `vm://`. `JaasCertificateAuthenticationPlugin` peke yake haifai hapa, kwa kuwa `vm://` haina cheti cha kuonyesha.

Hatua ya 7: pima kwa nje

```
openssl s_client -connect broka.ndani.example:61617 -CAfile ca.pem
```

Amri hii haina cheti cha mteja, kwa hiyo inatakiwa kukataliwa. Angalia hadi mwisho wa matokeo. Katika TLS 1.3 upande wa mteja humaliza maafikiano kabla seva haijasema lolote kuhusu cheti kinachokosekana, ndiyo maana utaona `Verify return code: 0 (ok)` kwanza, kisha `alert certificate required` au `alert bad certificate`, kulingana na toleo la Java, ikifuata. Ikikaa wazi bila kukatwa, `needClientAuth` haijashika. Tazama tahajia yake kwenye anwani.

Makosa mengine yanayojirudia:

`Unsupported or unrecognized SSL message` maana yake upande mmoja unaongea TLS na mwingine hauongei. Aghalabu mteja bado ana `tcp://`, au anwani ya `ssl://` inaelekea 61616. Kwa mteja wa `tcp://`, kosa laweza kuja kama `Wire format negotiation timeout`.

`PKIX path building failed` kwa mteja: ghala lake la imani halina cheti cha mamlaka, au halisomwi kabisa. Kwenye logi ya broka, kosa hilo hilo linahusu cheti cha mteja.

`CertificateNotYetValidException` kwenye kompyuta moja tu: betri ya ubao mama imekufa na saa imerudi miaka nyuma. Kompyuta za kaunta zinazozimwa umeme kila usiku ndizo zinazoongoza kwa hili.

Yote yakishindikana, washa programu na `-Djavax.net.debug=ssl:handshake`. Matokeo ni marefu. Tafuta neno `fatal`, kisha usome mistari ishirini iliyo juu yake.

Kubadilisha cheti kabla hakijaisha

Ghala linasomwa mara moja tu, pale `SslContext` inapojengwa. Kubadilisha `broka.p12` kwenye diski hakuleti athari yoyote mpaka ujenge muktadha mpya na kuanzisha broka upya. Na cheti kikiisha muda, miunganisho iliyokwisha kufunguka haikatiki. Inaendelea hivyo kwa siku au majuma, hadi umeme ukatike au seva iwashwe upya, ndipo wateja wote wanakataliwa kwa pamoja. Kwa hiyo usisubiri dalili. Fanya programu yenyewe isome `getNotAfter()` ya cheti chake kila inapowaka na mara moja kwa siku, iandike onyo kwenye logi zikibaki siku 30:

```java
X509Certificate cheti = (X509Certificate) ghala.getCertificate("broka");
long siku = ChronoUnit.DAYS.between(
        Instant.now(), cheti.getNotAfter().toInstant());
```

Cheti kipya kikisainiwa na mamlaka ile ile, wateja hawaguswi. Mamlaka yenyewe ikibadilika, ingiza cheti chake kipya kwenye `imani.p12` ya kila upande kwa alias nyingine, zungusha vyeti vya broka na wateja, na cheti cha mamlaka ya zamani ukitoe mwisho kwa `keytool -delete`.